Pingi inaenda, ssh imegoma: kusaka kasoro kwenye laini ya siriali, SLIP ama PPP

Kuna nyumba moja Mkomani, hapa Lamu mjini, ya zamani sana, ghorofa tatu, kuta za matumbawe zile nene ambazo waifai ikigonga inafia hapo hapo. Juu darini kuna tangi la maji la lita 5000, paneli za sola na kisanduku cha kusoma vyote viwili (ndani yake Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja), na kompyuta yenyewe iko chini kando ya daka. Bi mkubwa mwenye nyumba alinikataza hata begi sijafungua. "Mwanangu, ukuta wangu hautobolewi. Hizi zidaka zimenikuta na zitaniwacha." Hapo utajibu nini, nikamwambia "sitoboi mama, nikitoboa nifukuze." Bahati kulikuwa na kebo ya intakomu ya miaka hiyo, imepita toka mlangoni mpaka juu, ndani ina nyaya nne, haitumiki. Nyaya nne siriali, yaani kutuma data biti moja moja kwa foleni, inatosha kabisa. Basi nikajiingiza mwenyewe kwenye huo mtego, na niliyoyaona mle ndo nayaandika hapa, kwa yeyote mwenye laini ya siriali, iwe kebo iwe redio, anataka kupitisha IP, yaani pakiti za mtandao, juu yake na haipiti, ama inapita nusu nusu.

Tuelewane kwanza kuhusu itifaki zenyewe, SLIP na PPP, yaani kanuni mbili za kupitisha pakiti za IP kwenye siriali, manake shida nyingi zinatokea hapo. SLIP ni ya kizamani, imeandikwa kwenye RFC 1055 (RFC ni hati za kanuni za intaneti) ya mwaka 1988, na ni nyepesi mpaka inachekesha: inachukua pakiti ya IP vile ilivyo, mwisho wake inabandika baiti C0 (namba hizi ni za heksa) kuonyesha pakiti imeisha, na ikitokea C0 ndani ya pakiti inageuzwa DB DC, ikitokea DB inageuzwa DB DD. Kwisha. Hakuna hesabu ya kukagua kama baiti zimeharibika njiani, hakuna kuambiana anwani, hakuna kusema humu ndani nimebeba nini. PPP (RFC 1661 na 1662, zote Julai 1994) inafunga kila fremu kwa 7E mwanzo na mwisho, inaweka namba ya kusema kilichomo, 0021 ikiwa ni IP, C021 ikiwa ni LCP, yale mazungumzo ya kufungua laini, na mwisho inatia CRC, hesabu ya kukagua makosa, ya biti 16, fremu ikiharibika inatupwa na inahesabiwa. Na kabla data haijapita pande mbili zinaongea kwanza, mimi napokea pakiti za ukubwa huu, mimi nataka paswadi, mimi anwani yangu hii.

Watu wanapenda SLIP kwa sababu haina maneno mengi, na mimi pia niliipenda, lakini wakati wa kutafuta ubovu huo ndo ubaya wake: SLIP inanyamaza, PPP inalalamika. Kebo imekatika, SLIP kimya. Spidi hazilingani, SLIP kimya. Upande wa pili hakuna mtu kabisa, SLIP itakuonyesha `sl0`, jina la laini yake kwenye Linux, iko UP na RUNNING na wewe utakaa hapo unajiuliza. Kwa hivyo ushauri wangu, hata kama nia yako ni kutumia SLIP, tafuta ugonjwa kwa PPP kwanza, laini ikishapona ndo urudi kwenye SLIP yako.

Amri niliyotumia chini ni hii (pppd ndo programu ya PPP kwenye Linux):

`pppd /dev/ttyUSB0 115200 local noauth nocrtscts nodetach debug 10.9.0.1:10.9.0.2`

na juu ni hiyo hiyo, jina la poti likiwa `/dev/serial0` na anwani zimegeuzwa. `debug` na `nodetach` usiziache, ndo zinafanya PPP ilalamike mbele ya macho yako badala ya kwenda kulalamikia kwenye logi usiyoijua iko wapi.

Kimya kabisa, hakuna kinachopita

Usiguse programu. Toa mita. Laini ya RS-232, ile siriali ya kawaida ya kompyuta, ikiwa imetulia haitumi kitu, waya wa kutuma unasoma volti hasi ukipima na graundi, kwa adapta nyingi za USB ni kama -5 ama -6, mashine za zamani zinafika -12. Waya wa kupokea ambao haujaungwa na mtu unakaa karibu na 0. Basi ukipima ncha ya juu ya kebo, waya mmoja ukikupa hasi hapo ndo kuna anayetuma kutoka chini, na huo lazima uingie kwenye pini ya kupokea ya juu. Ukiona +3.3 badala ya hasi, hiyo si RS-232, hizo ni pini za bodi moja kwa moja, na hapo simama kwanza, manake pini za Raspberry Pi zinataka volti 3.3 tu, ukizipiga na RS-232 bila chipu ya kugeuza kama MAX3232 katikati utanunua bodi nyingine.

Mimi nilipopima nikapata -5.6 chini na juu nikapata -0.4 inayochezacheza. Kebo ni ile ile, mita ni ile ile. Nikashuka nikafungua kiungo kilichoko nyuma ya mlango, pale ambapo intakomu ilikuwa imefungwa, na skrubu ilikuwa imeota kijani kama mwani, chumvi ya bahari imekula shaba mpaka waya umebaki unyuzi mmoja. Hapa kwetu hiyo ndo sababu ya kwanza kila siku, kabla hujafikiria itifaki fikiria chumvi. Nikakata ncha, nikachoma solda upya, nikavalisha mpira wa kusinyaa kwa moto, juu ikasoma -5.5.

Baada ya mita unafanya luupu. Nenda ncha ya mbali, unganisha waya wa kutuma na wa kupokea zigusane, rudi chini fungua `picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0` andika neno lolote, mimi huandika kaskazi, na kaskazi inatakiwa irudi vile vile. Haikurudi, kuna waya umekatika. Imerudi na herufi za ajabu, hapo kebo ni ndefu mno ama ina kelele kwa spidi hiyo, manake kwenye luupu anayetuma na anayepokea ni mmoja, haiwezekani spidi zao zikatofautiana. Punguza mpaka 38400 ama 9600 ujaribu tena. Na ukimaliza toa hiyo luupu, usicheke, ntakueleza kwa nini.

`LCP: timeout sending Config-Requests`

Hii ndo utaiona sana. PPP inatuma ombi lake la kwanza, inangoja sekunde 3, inarudia, ikifika mara 10 inakata tamaa, kwa hivyo ni nusu dakika nzima ya kutazama mistari ya `sent` bila `rcvd` hata moja. Maana yake nyepesi ni kwamba hakuna jibu, lakini sababu ni nyingi na njia ya kuzitenganisha ni kutazama logi za pande ZOTE MBILI kwa wakati mmoja, sio moja. Nilimpandisha kijana mmoja juu na laptopu, tukawa tunapigiana kelele kupitia ngazi, "umepokea?" "nimepokea!" "mimi sijapokea!" Basi hapo nshajua: waya wa kwenda juu ni mzima, wa kurudi ndo una shida. Kama hakuna anayepokea pande zote, fikiria nyaya za kutuma na kupokea hazijapishana, yaani mmemwelekeza msemaji kwa msemaji na msikilizaji kwa msikilizaji, ama spidi hazilingani.

Kama nyaya ni nzima na spidi ni moja na bado kimya, uliza nani mwingine ameshika poti. `fuser -v /dev/ttyUSB0` itakwambia. Kwenye Linux za mezani kuna ModemManager ambayo ikiona adapta mpya huweza kudhani ni modemu, ikaanza kuitumia amri za modemu za AT, sasa wewe unatuma LCP yeye anatuma AT, mnagombana kwenye waya mmoja. Uizime kwa poti hiyo.

Halafu kuna hii iliyonila asubuhi nzima. Kebo yangu ina nyaya nne, nimetumia tatu, kutuma, kupokea na graundi. Hakuna RTS hakuna CTS, zile nyaya za kuambiana ngoja kidogo, haya leta. Sasa kama poti imewekwa `crtscts`, kompyuta inangoja ruhusa kwenye waya ambao haupo, haitumi hata baiti moja, na pppd inakuandikia `sent` `sent` kana kwamba imetuma kweli. Na ubaya ni kwamba usipoandika chochote, pppd inaiacha poti kama ilivyoikuta, kwa hivyo programu ya jana ikiwa iliwasha hiyo kitu, leo utarithi. Tazama kwa `stty -F /dev/ttyUSB0 -a`, ukiona `crtscts` bila kistari mbele yake ujue ndo hiyo. Ndo maana amri yangu pale juu ina `nocrtscts`.

Inasema laini imejirudi yenyewe, ama si safi ya biti 8

PPP kwenye ombi lake inaweka namba ya bahati nasibu. Ikiona namba yake mwenyewe inarudi tena na tena inajua inaongea na mwangwi wake, inakata na kukwambia `Serial line is looped back`. SLIP kwenye hali hiyo hiyo haisemi kitu. Sababu ya kwanza ni ile luupu uliyosahau kuitoa (nilisahau, ndo nikasema usicheke). Sababu ya pili haionekani kirahisi: upande wa pili hakuna PPP, kuna programu ya kuingilia, ile inayokuonyesha `login:`, na hiyo kazi yake ni kurudisha kila herufi unayoandika ili uione, basi fremu zako zinarudishwa kama herufi. Kwenye Raspberry Pi poti ya siriali huweza kuwa imepewa konsoli, unaizima kwa `raspi-config` ama unatoa `console=serial0,115200` kwenye `cmdline.txt`, halafu unawasha upya.

Ujumbe wa `Receive serial link is not 8-bit clean` mara nyingi ni mgonjwa huyo huyo kwa sura nyingine. PPP imeona baiti zote zinazoingia biti ya juu ni 0, na maandishi ya kawaida ya Kiingereza ya `login:` ndo yalivyo. Watu wanakimbilia kubadilisha pariti, ile biti ya kukagua kila herufi, sawa mpangilio wa 7E1 (biti 7 na pariti shufwa) pia unaleta hiyo, lakini fungua picocom kwanza uangalie, ukiona neno login hapo, pariti haina kosa.

Sababu ya tatu ni ya wale wa RS-485 ya nyaya mbili. Pale wote wanatumia njia moja kwa zamu, na kipokezi chako kikiwa wazi wakati unatuma unajisikia mwenyewe. PPP inataka njia ya kwenda na njia ya kurudi kwa wakati mmoja, RFC yenyewe inasema hivyo, kwa hivyo usipoteze siku, ama weka nyaya nne ama tafuta kitu kingine.

Pingi inaenda vizuri, ssh inashika halafu inaganda

Hii ndo naipenda kuliko zote kwa sababu inadanganya sana. Unapiga pingi, ile ya kuuliza "upo?", jibu linakuja, milisekunde chache. Unafurahi. Unapiga ssh, ile ya kuingia kompyuta ya mbali, hailalamiki kwamba imekataliwa, inaunganika kweli kweli, halafu inaganda, hakuna paswadi hakuna nini. Mtu wa kwanza atasema fayawoli. Wa pili atasema DNS. Mimi nilisema yote mawili.

Kumbe sababu ni hii. Kuna SLIP na kuna CSLIP, yaani SLIP yenye ubanaji wa Van Jacobson, mtu aliyeubuni, RFC 1144 ya Februari 1990. Heda, yale maelezo ya mbele ya pakiti, za TCP (itifaki inayobeba ssh) na IP pamoja ni baiti 40, na kwenye mazungumzo moja nyingi hazibadiliki, basi yeye akatafuta njia ya kutuma yale yaliyobadilika tu, baiti 40 zikashuka mpaka 3 hadi 5. Kwa modemu za wakati ule ilikuwa neema: kwenye 9600 unatuma baiti 960 kwa sekunde (kila baiti ni biti 10 pamoja na za kuanza na kumaliza), kwa hivyo herufi moja ya telneti ikiwa na heda zake ni baiti 41, milisekunde 43 kwenda na nyingine 43 kurudi, ukiandika unahisi kama unaandika kwenye uji. Sasa ubanaji huo unagusa TCP peke yake. Pingi ni ICMP, inapita bila kuguswa. Na hata ndani ya TCP, pakiti za kufungua mazungumzo zenye SYN hazibanwi, zinapita kama zilivyo. Pakiti ya kwanza baada ya hapo ndo inabadilishwa: hata kabla haijabanwa, ile baiti inayosema "mimi ni TCP" inaandikwa namba ya mazungumzo, na nambari ya toleo pale mwanzo inageuzwa kutoka 4 kuwa 7. Upande wa pili ukiwa ni SLIP ya kawaida unaona pakiti ya IP toleo la 7, kitu ambacho hakijui, unaitupa. Kimya.

Kwa hivyo ushaona kwa nini muunganiko unafunguka halafu unaganda? SYN imeenda, jibu limerudi, mteja anajua ameunganika, halafu kila kinachofuata kinatupwa. Ukitaka kuona kwa macho washa `tcpdump -n -i sl0` pande zote mbili, upande mmoja utaona anatuma na kurudia kutuma, mwingine haoni pakiti ya TCP inayoeleweka ikija.

Na inatokea kirahisi kwa sababu `slattach` ya Linux usipoiambia itifaki inachagua cslip yenyewe, na ukifuata mfano wa mtu aliyeandika `-p slip` upande mmoja na wewe upande wako umeacha wazi, ndo hapo. Andika `-p slip` pande zote. Kwenye PPP jambo hili mara nyingi halitokei kwani pande mbili zinakubaliana kwanza kwenye IPCP, hatua ya PPP ya kupanga mambo ya IP, kama wote wanajua Van Jacobson, lakini nimeona vifaa vidogo vinakubali halafu haviwezi, dawa ni `novj`.

Mimi kwa kweli siku hizi naweka `novj` bila hata kuuliza. Sababu ni kwamba Linux kwa kawaida inatia saa ndani ya TCP, inaongeza baiti 12 za kuonyesha wakati, na huo wakati unabadilika karibu kila pakiti, na ubanaji wa Van Jacobson ukiona sehemu hiyo imebadilika unaacha kubana. Kwa hivyo unabeba matatizo yake na faida huioni. Na IPv6 haiijui kabisa. Kama uko kwenye redio ya 9600 na unaihitaji kweli, zima hizo saa kwa `sysctl net.ipv4.tcp_timestamps=0`, vinginevyo achana nayo.

Faili moja inapita, nyingine inakwama pale pale kila mara

Sikiliza neno "pale pale". Faili ikikwama mahali tofauti kila jaribio hiyo ni kelele ama baiti zinamwagika. Ikikwama mahali pamoja, kuna baiti maalumu ndani ya faili ambayo kuna mtu njiani anaila. Faili ya maandishi inapita, picha inakwama. Wala baiti wakuu ni 11 na 13 za heksa, XON na XOFF, zile za kusema endelea na simama kwa herufi badala ya waya. Kuna redio za siriali zinazozitumia, na poti yako pia inaweza kuwa imewashwa `ixon`. Ikipita 13 ndani ya picha, redio inadhani umemwambia asimame, na anasimama kweli, mtiifu.

SLIP haina dawa ya hii, inajua kuzificha C0 na DB tu. PPP inayo: unampa ramani ya herufi za kuficha, `asyncmap a0000`, hiyo ni biti ya 17 na ya 19, yaani 11 na 13 za heksa, na PPP itazipitisha zimejificha nyuma ya 7D. Ukiwa kwenye kebo tupu isiyo na redio weka `asyncmap 0`. Kuiacha bila kukubaliana kabisa ni hasara, manake PPP kwa hofu yake inaficha herufi zote 32 za chini pamoja na 7D na 7E, hizo ni 34 kati ya 256, kwa data iliyochanganyika unapoteza kama asilimia 13 ya laini bure.

Kama ni pakiti kubwa tu ndo hazipiti, ndogo zinapita, jaribu `ping -s 200` halafu `ping -s 1400`. SLIP haiambizani ukubwa, `sl0` ya Linux inaanza na 296, draiva za BSD za zamani mwisho wao ni 1006, usipozilinganisha kwa mkono kuna siku utatuma kitu kikubwa kuliko kapu la mwenzio. PPP inaanzia 1500 na wanakubaliana wenyewe. Kwenye spidi ndogo 1500 si hekima lakini, pakiti moja kwenye 9600 ni sekunde moja na nusu na zaidi, na ssh yako inakaa nyuma yake inangoja kama punda nyuma ya mkokoteni kwenye kichochoro.

Laini nzima, namba za uongo

Kabla ya Raspberry Pi juu kulikuwa na kijibodi kidogo cha saketi nilichokiandikia SLIP mwenyewe, mistari kama arobaini, nikajisifu. Kilikuwa kinatuma kiwango cha maji kwa UDP, itifaki ya kutuma bila kungoja jibu, kila dakika. Wiki ya kwanza tamu. Siku moja bi mkubwa ananipigia, "we mwanangu, tangi langu umelifanya bahari?" Skrini yake ilikuwa inasema lita 21384. Tangi la 5000.

Nikakaa nikaitazama hiyo namba. 21384 ukitoa 5000 unapata 16384, na 16384 ni biti moja tu, ya kumi na tano ukihesabu kutoka chini. Tangi lilikuwa limejaa, namba ilitoka juu ikiwa 5000 sahihi kabisa, njiani biti moja ikapinduka. Nani angeikamata? SLIP haikagui. Hesabu ya IP inakagua heda yake tu, sio mzigo. UDP ina hesabu yake lakini kwenye IPv4 unaruhusiwa kuiacha ikiwa 0, na mimi nilikuwa nimeiacha 0 ili kupunguza mistari. Kwa hivyo biti ilipita milango mitatu na hakuna aliyeiuliza unaenda wapi. TCP ingeikamata. PPP ingeikamata mapema zaidi, CRC haikubali, fremu inatupwa, kaunta ya makosa inapanda moja, na mimi ningejua kwamba kebo ina kelele wiki nzima kabla ya kupigiwa simu.

Ukilazimika kubaki na SLIP kwenye kijibodi kidogo, basi washa hesabu ya UDP, na tuma C0 mwanzo wa pakiti pia sio mwisho tu, takataka zilizoingia wakati laini imetulia zinafungwa peke yake na kutupwa badala ya kugandana na pakiti yako. RFC 1055 yenyewe inataja hilo, wengi hawafiki hapo.

PPP imeshika, anwani ziko, intaneti hakuna

Hii sio ya siriali, nitapita haraka. Juu kama inatakiwa itoke nje kupitia chini, chini iwe na `net.ipv4.ip_forward=1` na NAT, ile ya kubadilisha anwani wakati wa kutoka, na juu iwe na `defaultroute`, na kama tayari ina njia nyingine pppd itakwambia `not replacing existing default route` na itaacha hivyo. Ukiona anwani ya mwenzio ni 10.64.64.64 usihangaike, mwenzio hakusema anwani yake, pppd ikajaza yoyote. Ukiona inalalamikia 0x80fd hiyo ni habari ya kubana data, mmoja anayo mwingine hana, iache.

Inakufa kila jioni

Baada ya yote hayo, PPP juu na chini, `lcp-echo-interval 10 lcp-echo-failure 3` nimeweka ili ikifa ijue imekufa, bado kila ikikaribia magharibi inakatika dakika mbili tatu halafu inarudi. Nikatazama makosa kwa `ip -s link show ppp0`, mchana kutwa 0, jioni yanapanda kwa mamia. Jioni kuna nini? Jioni watu wanatawadha, maji yanashuka, pampu inawaka. Na kebo ya pampu imepanda juu kwa bomba lile lile la kebo ya intakomu, zimelala pamoja ghorofa zote tatu.

RS-232 inapima volti ya waya mmoja ukilinganisha na graundi, kwa hivyo pampu ikiitikisa graundi kila baiti inayumba. Kuvuta kebo nyingine ni kutoboa ukuta, na tushaelewana kuhusu ukuta. Nilichofanya ni kuweka vigeuzi vya RS-422 pande mbili, nyaya mbili za kwenda mbili za kurudi, nne zile zile, na hapo anayepokea anapima tofauti kati ya nyaya mbili, kelele ikiingia inaingia kwenye zote mbili sawa na inafutika. Bado ina njia mbili kwa wakati mmoja kwa hivyo PPP haikubadilishwa hata neno. Spidi nikashusha 38400 kwa usalama, tangi halihitaji zaidi.

Tukaijaribu siku hiyo hiyo, kijana akasimama kwenye swichi ya pampu, nikamwambia washa zima mara kumi huku natazama kaunta. Washa, 0. Zima, 0. Mara ya saba bi mkubwa akapaza sauti kutoka jikoni, "nyinyi mwanichezea pampu yangu?" Nikamwambia "tumemaliza mama, bado tatu tu." Kaunta ikabaki 0 mpaka ya kumi.